Kilichokauka ni maji tu: matunda makavu kwa anayechunga sukari ya damu

Mtu akishaambiwa ana kisukari, au kwamba sukari yake imeanza kunyemelea mstari, swali la tende halikawii kuja. Nalo hukuta majibu mawili yaliyokwisha kuiva. La kwanza: "Kula tu, hiyo ni sukari ya asili, haina neno." La pili: "Usiguse, hiyo ni sukari tupu." Wanaojibu hivyo huongea kwa uhakika kabisa, na mara nyingi wote wawili ni ndugu zako.

Kasoro ya majibu yote mawili ni ileile. Yanaipa tende tabia, kana kwamba ni mtu mwema au mtu mbaya. Damu haijui wema wa tunda. Inapokea gramu za glukosi, yaani sukari yenyewe ya damu, zikiingia kwa kasi fulani, katika mwili wenye insulini ya kutosha au usio nayo. Ndiyo maana nikiulizwa kama tende inafaa, nami huuliza: ngapi, pamoja na nini, na badala ya nini?

Maji yaliondoka, sukari ikabaki

Chukua gramu 100 za zabibu mbichi. Karibu gramu 80 ni maji, na sukari ni gramu 15 au 16. Zikaushe mpaka zikunjamane, maji yabaki kama asilimia 15, na sasa kila gramu 100 zina sukari inayokaribia au kupita gramu 60. Hakuna aliyeongeza kitu. Zimehitajika kama kilo 4 za zabibu mbichi kupata kilo 1 ya zabibu kavu, na sukari yote ya zile kilo 4 imebanana humo. Aprikoti ni vivyo hivyo: mbichi ina sukari gramu 9 hivi katika kila gramu 100, kavu ina zaidi ya 50.

Wale wa "usiguse" husahau kwamba nyuzinyuzi nazo zimebanana kwa uwiano uleule, na potasiamu pia. Kinachopungua sana ni vitamini C, ambayo haivumilii joto wala hewa. Kwa hiyo tunda kavu bado ni tunda. Halijageuka kuwa peremende kwa kuanikwa.

Ila maji yale yalikuwa na kazi. Ndiyo yaliyokuwa yakijaza tumbo na kuchosha taya. Aprikoti 4 mbichi ni sahani ndogo. Mtu akizimaliza anafuta mikono na kuondoka. Zikaushe, na hizo 4 zitakuwa na uzito wa gramu 30 hivi. Zitaingia kwenye kiganja na vidole bado vitafunga. Sukari ni ileile ya sahani nzima, lakini hakuna kilichobaki cha kukuambia basi.

(Neno lenyewe lina hadithi yake. "Zabibu" tumelitoa kwenye Kiarabu, ambako *zabib* ni zabibu kavu. Mbichi ina jina lingine kabisa. Sisi tukalichukua jina la tunda kavu tukalipa lile bichi, kisha tukalazimika kuongeza "kavu" ili tuelewane.)

Kuna wiki nilijipa kazi ya kupima kila nilichokuwa nachota kwa mkono. Nikaweka bakuli tupu juu ya mizani ya jikoni, nikairudisha hadi sifuri, kisha nikachota zabibu kavu konzi moja, kama mtu anavyochota akiwa anapita tu mezani. Mizani ikasimama kwenye gramu 45. Gramu 45 za zabibu kavu zina wanga wa gramu 36 hivi, karibu sawa na vipande viwili na nusu vya mkate mweupe. Nisingekula vipande viwili na nusu vya mkate nikiwa nimesimama, halafu niseme sijala kitu. Kwa zabibu nilikuwa nafanya hivyo, na konzi la pili lilikuwa njiani. Wahenga walisema haba na haba hujaza kibaba. Kwa zabibu kavu, kibaba hujaa mtu akiwa bado anazungumza na simu.

Kinachotokea baada ya kumeza

Kwanza neno "wanga", maana hapa ndipo wengi huchanganyikiwa. Mtaani wanga ni ugali, wali, mkate. Katika hesabu ya sukari ya damu, wanga ni pamoja na sukari yenyewe. Ukisoma kwenye pakiti kwamba kuna wanga gramu 24, sukari imo ndani ya hizo 24. Usiijumlishe tena juu yake.

Mtu mzima ana damu lita 5 hivi, na glukosi inayozunguka ndani yake wakati wowote ni gramu 4 au 5 tu, kijiko kimoja kidogo cha chai. Mwili hulinda kijiko hicho kwa wivu. Ukila, glukosi hupenya ukuta wa utumbo, kongosho humwaga insulini, na misuli, ini na mafuta huipokea glukosi na kuitoa njiani. Kwa mwenye kisukari aina ya 2, insulini ipo lakini seli haziitikii vizuri, au kongosho limechoka, au yote mawili. Kwa aina ya 1, insulini ya mwili karibu haipo, inabidi idungwe. Kwa wote wawili, kile kijiko hugeuka viwili au vitatu na kukaa hivyo kwa saa kadhaa.

Sukari ya tende na zabibu kavu kwa kiasi kikubwa ni mchanganyiko wa glukosi na sukari nyingine iitwayo fruktosi, karibu nusu kwa nusu. Nusu ya glukosi huingia damuni moja kwa moja. Nusu ya fruktosi hupita njia nyingine: ini huinyakua kabla haijafika mbali, na sehemu yake tu ndiyo hugeuzwa kuwa glukosi. Kipimo cha kutoboa kidole hakiioni fruktosi. Hii ni sababu moja inayofanya tende isipandishe sukari kama mtu anavyotarajia akionja utamu wake. Ulimi si kipimo kizuri hapa. Mkate mweupe hauna utamu wa kutajika, lakini wanga wake karibu wote ni glukosi iliyoungana kama mnyororo, nao hukatika upesi tumboni.

Fruktosi isikupe kiburi hata hivyo. Ikizidi, ini huigeuza kuwa mafuta, na ini lenye mafuta huisikiliza insulini vibaya zaidi. Tende mbili hazikufikishi huko. Mazoea ya kunywa vinywaji vitamu kila siku yanaweza.

Namba ya GI na jinsi inavyopotosha

Mwaka 1981, David Jenkins na wenzake wa Chuo Kikuu cha Toronto walileta kielezo cha glisemia, ambacho wengi wanakijua kwa herufi mbili tu, GI. Wazo lake ni rahisi. Mtu hupewa chakula chenye wanga wa gramu 50, sukari yake hupimwa kwa saa mbili, kisha matokeo hulinganishwa na gramu 50 za glukosi, ambayo imepewa alama 100. Chakula cha alama 55 kushuka chini huitwa cha GI ya chini, 56 hadi 69 ya kati, 70 kupanda juu ya juu. Mkate mweupe kwa kawaida hupata 70 na kitu.

Matunda makavu hufanya vizuri kuliko sifa zake. Mwaka 2011 watafiti wa Umoja wa Falme za Kiarabu walichapisha vipimo vya aina tano za tende: kwa watu wasio na kisukari alama zilikuwa kati ya 46 na 55, na kwa wenye kisukari aina ya 2 kati ya 43 na 53. Mwaka 2018 watafiti wa Toronto nao walitoa zao: aprikoti kavu 42, zabibu kavu 55, tende 68. Zote ziko chini ya mkate mweupe. Lakini angalia tende: huku 50, kule 68. Aina za tende ni nyingi, ukavu unatofautiana, na waliopimwa katika kila utafiti ni wachache. Mtu anayekuambia "GI ya tende ni namba fulani" na kuishia hapo amekupa nusu ya habari.

Tatizo kubwa la GI ni jingine. Inapima kasi kwa kiasi kilichowekwa na mpimaji, na mezani kiasi unakiweka wewe. Ndiyo maana mwaka 1997 watafiti wa Harvard walileta hesabu ya pili, mzigo wa glisemia: zidisha GI kwa gramu za wanga unazokula kweli, kisha gawanya kwa 100. Mzigo wa 10 kushuka chini ni mdogo. 20 kupanda juu ni mkubwa.

Tuifanyie kazi. Tende moja kubwa ya Medjool bila kokwa ina uzito wa gramu 24 hivi na wanga gramu 18. Tuseme GI yake ni 50. Kumi na nane mara 50 gawanya kwa 100 ni 9. Mzigo mdogo. Kula mbili, unapata 18. Kula nne, na nne za Medjool zinakwisha kabla chai haijapoa, unapata 36, karibu mara mbili ya mpaka wa "mkubwa". GI haikusogea hata nukta katika safari hiyo yote. Kilichosogea ni mkono.

Na Medjool ni jitu kati ya tende. Deglet Noor, ile ndogo nyembamba, ina gramu 7 au 8 tu na sukari kama gramu 5. Kwa hiyo ushauri wa "kula tende tatu" bila kusema tende gani ni kama kumwambia mtu achukue vijiko vitatu bila kumwonyesha kijiko. Tatu za Deglet Noor zina wanga kidogo kuliko Medjool moja.

Hayafanani

Plamu kavu ndiyo ninayoipenda kuliko zote katika kundi hili, ingawa sifa yake ya choo imeifanya ichekwe. Ina nyuzinyuzi kama gramu 7 katika kila 100, na sehemu nzuri ya utamu wake ni sorbitoli, aina ya kiungo kitamu ambacho utumbo hukifyonza polepole na bila kukimaliza. Kwa hiyo hupandisha sukari taratibu. Hiyo sorbitoli isiyofyonzwa ndiyo inayovuta maji utumboni, na ndiyo sababu plamu kumi kwa mara moja zitakupa somo bila kusubiri glukomita, ile mashine ya kupimia sukari.

Tini kavu ina nyuzinyuzi nyingi zaidi, karibu gramu 10 kwa 100, na zile mbegu zake hukulazimisha kutafuna. Aprikoti ina alama nzuri. Zabibu kavu hazina ubaya wa peke yake isipokuwa udogo: kila punje ina uzito wa kama nusu gramu, na hakuna anayehesabu punje.

Halafu kuna wale wanaojipenyeza kwenye kundi. Kranberi, vile vitunda vidogo vyekundu, ni chachu kiasi kwamba zilizokaushwa karibu daima zimewekewa sukari, wakati mwingine nyingi kuliko yake ya asili. Nanasi, papai na embe huuzwa kavu kwa namna mbili: vipande vilivyokaushwa tu, ambavyo huwa na rangi iliyofifia na ukavu wa ngozi, na vipande vilivyochemshwa kwanza kwenye maji ya sukari, ambavyo hung'aa na kutoa chembechembe nyeupe vidoleni. Vile vya pili ni peremende zenye harufu ya tunda. Vipande vikavu vya ndizi, vile vinavyovunjika kwa mlio, mara nyingi vimekaangwa kwenye mafuta na kupakwa utamu.

Mbele ya pakiti hapasaidii sana. "Asili", "halisi", "nishati ya tunda" ni maneno ya kuuzia. Geuza nyuma usome mstari wa viambato. Ukikuta neno moja tu, zabibu au tende, basi. Ukikuta sukari, sharubati ya glukosi (yaani maji mazito ya sukari), asali, au juisi iliyokolezwa, hiyo imeongezwa, hata kama juisi yenyewe ilitoka kwa tunda. Kisha soma jumla ya wanga, na uangalie ni kwa gramu ngapi. Watengenezaji wanapenda kuandika kwa kipimo kidogo kuliko mtu yeyote anavyokula.

Na tende ikishasagwa na kuchujwa kuwa sharubati, imehama kundi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2015 unataka sukari huru isizidi asilimia 10 ya nishati ya siku, na katika sukari huru unahesabu asali, sharubati na juisi za matunda, hata kama ni za asili kabisa. Sukari iliyomo ndani ya tunda zima, ikiwa bado imefungwa kwenye kuta za seli zake, haihesabiwi humo. Keki "isiyo na sukari" iliyotiwa kikombe kizima cha sharubati ya tende ina sukari. Nimeshawahi kubishana juu ya hili mezani kwa watu, na sikushinda, lakini keki ile ilikuwa na sukari.

Namna ya kuyala

Watoa ushauri wa lishe kwa wenye kisukari hupenda kuhesabu kwa mafungu ya wanga wa gramu 15. Kwa zabibu kavu, fungu moja ni vijiko viwili vya mezani, vya kawaida, si vya kurundika. Kwa Medjool ni pungufu kidogo ya tende moja. Nchini Uingereza mwongozo wa kula matunda na mboga huhesabu gramu 30 za tunda kavu kuwa fungu moja la siku, na huongeza kwamba liliwe wakati wa mlo, kwa ajili ya meno, maana utamu unaonata hukaa kwenye meno muda mrefu. Gramu 30 za zabibu zina wanga gramu 24. Mtu mwenye kisukari anaweza kuanza na nusu ya hapo, aone.

Jambo ambalo hubadilisha matokeo kuliko yote ni lile neno "badala". Tende ikila nafasi ya kipande cha keki au kijiko kikubwa cha sukari, umepata faida. Ikiongezwa juu ya mlo uleule, chai ileile, mkate uleule, kwa kuwa tu imesifiwa, umeongeza mzigo. Wengi huiongeza. Nimewaona watu wakiacha sukari kwenye chai kwa ushujaa mkubwa na kula tende tano pembeni yake.

Cha pili ni wenzake. Tunda kavu likiliwa peke yake, tumbo likiwa tupu, hupita upesi. Likiliwa na karanga, lozi, korosho, mtindi usio na sukari au mwishoni mwa mlo wenye mboga na nyama au maharage, tumbo hutoa chakula taratibu na sukari hupanda kwa mwinuko mlegevu. Utafiti mdogo uliochapishwa mwaka 2015, wa watu 11 wenye kisukari aina ya 2, uliwapa mlo uleule mara mbili: mara moja wanga kwanza, mara nyingine mboga na protini kwanza na wanga baada ya dakika 15. Kwa mpangilio wa pili sukari ya saa moja baadaye ilikuwa chini kwa zaidi ya theluthi. Watu 11 ni wachache, lakini jaribio hilo halina gharama na unaweza kulifanya mwenyewe. Karanga nazo zina mafuta mengi, hivyo konzi la karanga juu ya konzi la zabibu halijapunguza kitu kwa anayetaka kupungua uzito.

Cha tatu ni chombo. Pakiti iliyofunguliwa karibu na kiti haijawahi kumsaidia mtu. Hesabu, weka kwenye kisahani, funga pakiti, irudishe kabatini, ndipo ukae. Sifanyi hivi kwa sababu nina nidhamu. Nafanya kwa sababu sina.

Kidole kina majibu yako

Miili haifanani. Wawili wa umri mmoja na dawa moja wanaweza kula tende zilezile, mmoja akapanda kidogo na mwingine akapaa. Aliyelala vibaya, mwenye mafua, aliyekaa siku nzima, aliyetoka kutembea nusu saa: kila mmoja atatoa namba yake. Kwa hiyo jedwali la GI likupe mahali pa kuanzia, kisha glukomita iseme.

Pima kabla ya kula. Kula kiasi ulichohesabu. Pima tena saa mbili baada ya tonge la kwanza, si la mwisho. Chama cha Kisukari cha Marekani huwawekea watu wazima wengi wasio wajawazito lengo la milimoli 4.4 hadi 7.2 kwa lita kabla ya kula, na chini ya 10.0 saa moja hadi mbili tangu mlo uanze. Daktari wako anaweza kukupa lako. Rudia siku nyingine, kiasi kilekile, mlo uleule. Namba moja haitoshi, kwa sababu vipimo vya nyumbani vinaruhusiwa kupotoka kwa takribani asilimia 15, na tofauti ya 8.1 na 8.6 inaweza kuwa ya mashine tu.

Na nawa mikono. Naandika hili kwa sababu lilitutisha nyumbani. Mjomba alikuwa ametoka kutoa kokwa kwenye tende za wageni, akajifuta vidole kwa kitambaa, akajitoboa. Mashine ikaonyesha zaidi ya 16. Shangazi akaanza kutafuta viatu vya kwendea hospitali. Binti yao ndiye aliyesema, "Baba, hebu nawa kwanza." Akanawa kwa maji na sabuni, akakausha, akatoboa kidole kingine: 9. Tone la damu ni dogo mno, na utando wa sukari ya tunda kwenye ngozi unatosha kuliharibu. Kufuta kwa pamba yenye spiriti hakuuondoi vizuri. Maji ndiyo huuondoa.

Wanaohitaji uangalifu zaidi

Anayetumia insulini ya wakati wa mlo lazima ahesabu tunda kavu katika dozi, kama anavyohesabu wali. Anayetumia metformini peke yake ana nafasi zaidi, kwa kuwa dawa hiyo yenyewe mara chache hushusha sukari kupita kiasi. Insulini na dawa za jamii ya glibenklamidi zinaweza, na hapo huja swali: sukari ikishuka, tende itanisaidia? Chini ya 3.9 kinachotakiwa ni gramu 15 za sukari ya haraka, kisha kupima tena baada ya dakika 15. Vidonge vya glukosi au juisi hufika mapema. Tende na zabibu zinahitaji kutafunwa, zina nyuzinyuzi, na mtu anayetetemeka hatafuni vizuri. Kama hakuna kingine, kula. Kama unapanga cha kubeba mfukoni, beba glukosi.

Figo ni habari nyingine, na haisemwi vya kutosha. Kisukari cha muda mrefu huweza kuzidhuru, na figo dhaifu hushindwa kutoa potasiamu, ambayo ikizidi huvuruga mapigo ya moyo. Aprikoti kavu zina zaidi ya gramu moja ya potasiamu katika kila gramu 100. Mtu aliyeambiwa apunguze potasiamu asianze kula matunda makavu kabla ya kumuuliza daktari au mtaalamu wa lishe, hata kama sukari yake imetulia. Mwenye pumu naye atazame aprikoti zenye rangi ya chungwa kali: rangi hiyo hulindwa kwa salfa dioksaidi, inayoweza kumbana kifua. Zisizowekewa ni za kahawia, hazipendezi macho, na mimi naona ni tamu zaidi.

Kwa ambao bado hawana kisukari na wanaogopa kukipata, kuna habari njema kiasi. Uchambuzi uliochapishwa mwaka 2013, uliofuatilia wahudumu wa afya zaidi ya 187,000 nchini Marekani kwa miaka mingi, ulikuta kwamba waliokula zaidi zabibu, mbichi na kavu zikiwa kundi moja, walipata kisukari aina ya 2 kwa kiwango kidogo kuliko waliokula chache. Plamu kavu zilielekea huko pia, ingawa si kwa uhakika uleule. Waliokunywa juisi nyingi ndio waliokipata zaidi. Ufuatiliaji wa namna hii hauthibitishi kwamba zabibu ndizo zilizowakinga, maana mlaji wa zabibu huenda pia ni mtembeaji na havuti sigara. Lakini unatosha kumnyamazisha anayesema tunda kavu ndilo linaloleta kisukari.

Siku hizi mjomba hanunui tena tende zilizotolewa kokwa. Hula zenye kokwa, na kokwa huziweka ukingoni mwa kisahani, moja, mbili. Zikifika mbili husukuma bakuli upande wa shangazi. Wiki iliyopita nilimwona akificha ya tatu chini ya kikombe.